Vifaranga wa kienyeji Nairobi: wiki sita za kwanza bila kuzika kila asubuhi

#1 Mama Tetea, Ruai

Wafugaji wenzangu, habari za asubuhi.

Jana jirani alinigongea lango kabla hakujapambazuka, ameshika boksi la viatu. Ndani mlikuwa na vifaranga tisa, saba wameshakauka. Akaniuliza, "Mama, niwape dawa gani?" Swali hilo nalisikia kila wiki, na ndiyo maana nimekaa kuandika hapa kwa urefu, kwa sababu jibu langu halianzi na dawa. Vifaranga wale hawakuwa na ugonjwa wowote. Waliuawa na baridi, wakakanyagana wakitafuta joto.

Nairobi tunaishi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 11. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35, na mwilini hana manyoya, ana vile vinyoya laini tu kama pamba. Wiki ya pili unapunguza kama nyuzi 3, ya tatu vivyo hivyo, mpaka wafike nyuzi 21 hivi na manyoya yao yameota. Mtu akisoma ushauri wa Mombasa au Kisumu akauleta Ruai mwezi wa Julai, atazika.

Kipimajoto ni kizuri, lakini kifaranga mwenyewe hukwambia. Mimi wiki ya kwanza naamka saa tisa usiku, sifungui taa kubwa, nasimama kwanza mlangoni nisikilize. Wakiwa salama utasikia mlio mdogo wa chini chini, kama watu wanaonong'ona. Baridi ikiwashika wanalia kwa sauti kali isiyokatika, na ukimulika unawakuta wamerundikana. Joto likizidi wametawanyika ukutani, midomo wazi, mbawa zimelegea. Wakijazana upande mmoja tu, hapo kuna upepo unapenya, tafuta tundu. Na msiwaweke kwenye boksi lenye kona. Zungusheni kadibodi iwe duara, kwa sababu kwenye kona ndiko wanakorundikana, na wa chini hukosa hewa.

Halafu kuna kitu wengi hawakifanyi. Saa chache baada ya vifaranga kufika, na tena usiku kabla sijalala, nachukua vifaranga kumi bila kuchagua, nabonyeza polepole kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na laini, kama donge dogo la uji mzito, huyo amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, amepata chakula lakini maji hajayaona. Kikiwa kitupu, hajajua chakula kiko wapi, na wenzake wengi wako hivyo hivyo. Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni inayomshikilia siku mbili hadi tatu, ndiyo maana anaweza kusafirishwa kwa basi kutoka Naivasha bila kula. Akiba hiyo ikiisha na hajajifunza kula, siku ya nne au ya tano anakufa, na mwenyewe anasema ni ugonjwa umeingia. Kwa hiyo akifika mtumbukize ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu. Mmoja mmoja. Ndiyo, hata wakiwa mia.

Baada ya joto, ukavu. Nunueni maranda ya mbao, si unga wa msumeno, huo wanaula na unawaziba, tena vumbi lake linawaingia kifuani. Usitandaze gazeti tupu, linateleza na miguu inapanuka kama ya chura, haitarudi. Vyombo vya maji viinue juu ya tofali, ukingo ulingane na mgongo wa kifaranga, umri ukiongezeka inua tena. Maranda yakilowa, toa hiyo sehemu leo, usingoje Jumamosi. Na kila siku chuchumaa, kichwa chako kifike pale vichwa vyao vilipo, uvute pumzi. Ukihisi macho yanawasha, wao wanaivuta hiyo hewa usiku kucha. Mapafu yakishaunguzwa na ile harufu ya mkojo, mafua yoyote yanayopita mtaani yanaingia bila hodi.

Hayo ndiyo ninayoyaita malezi ya asili: joto, ukavu, maji safi, hewa, nafasi. Alovera na kitunguu saumu tutavizungumzia, najua mtauliza. Lakini chanjo mimi sikosi, na nitasema wazi hapa hapa: ugonjwa wa Newcastle, ule mdondo, hauna tiba. Si ya dukani, si ya shambani.

Ulizeni, nipo.

#2 Ploti ya Kayole

Asante sana mama. Mimi niko Kayole, nina vifaranga 30 kwenye boksi ndani ya nyumba ya mabati. Stima hukatika karibu kila jioni. Natumia jiko la makaa. Nimelifunika boksi na nailoni ili joto lisitoke. Je, ni sawa?

#3 Mama Tetea, Ruai

Kaka, kabla hujasoma mengine, nenda ukaiondoe hiyo nailoni. Sasa hivi.

Mwaka wa 2017 nilifanya hivyo hivyo. Usiku ulikuwa wa mvua, upepo unapiga mabati, nikaona niwahurumie, nikazungushia nailoni pande zote na kufunika juu, jiko ndani. Walikuwa vifaranga 60. Saa kumi na moja nilisikia kimya. Nikafunua nikakuta 41 wamelala chali na ubavu, hawana jeraha, hawana kinyesi kibaya, wamelala tu. Jiko bado lilikuwa na moto mzuri. Moshi wa makaa usioonekana ndio uliowaua, ile hewa ya kaboni monoksidi, na kama ningekuwa nimelala chumba kimoja nao na dirisha limefungwa, leo singekuwa naandika. Wewe mwenyewe unalala kwenye nyumba hiyo hiyo, sivyo? Basi jambo hili ni lako kabla ya kuwa la vifaranga.

Jiko liwashiwe nje mpaka makaa yashike yawe mekundu na moshi uishe, ndipo liingizwe, na hata hapo dirisha au tundu la juu libaki wazi, kwa sababu makaa mekundu bado yanatoa hiyo hewa. Upepo unazuiwa chini, kwenye urefu wa kifaranga, kwa kadibodi. Juu kunabaki wazi. Kwa vifaranga 30 una njia nyingine ambayo haina moshi kabisa: chupa za plastiki za lita mbili, zijaze maji moto, zifunge na kitambaa kizito, uziweke katikati. Wanazikumbatia kama mama yao. Ukizibadilisha kila zinapoanza kupoa, utavuka saa za giza bila stima. Chungu cha udongo chenye maji moto nacho hukaa na joto muda mrefu.

Niandikie ukishaitoa nailoni.

#4 Ploti ya Kayole

Nimeitoa. Na dirisha nimefungua. Asante mama, sikujua.

#5 Mzee wa Dagoretti

Salamu kwenu nyote. Nimesoma na kuna mengi ya kweli, hasa habari ya jiko. Lakini hapo kwenye chanjo sikubaliani. Mimi nimelelewa na kuku, nina zaidi ya miaka sitini. Mama yangu hakuwahi kununua chanjo. Alikuwa anaponda alovera, anatia kitunguu saumu na pilipili kali kidogo kwenye maji ya kunywa, vifaranga anawapa thabai iliyokatwakatwa, yale majani yanayowasha, na chini ya kiota anamwaga majivu. Kuku walikuwa wanajaa boma. Haya mambo ya sindano na chupa yamekuja na kuku wa dukani ambao hawana nguvu. Nyinyi vijana mmeacha dawa za shamba.

#6 Mama Tetea, Ruai

Mzee wangu, heshima zako. Nashukuru umesema, maana wengi wanafikiri hivyo na wananyamaza.

Majivu ya mama yako ni dawa ya kweli, nami nayatumia mpaka leo. Majivu ya kuni yaliyochekechwa, nayachanganya na mchanga mkavu ndani ya karai, kuku anajigaragaza, chawa na utitiri wanakauka. Viroboto wale wanaong'ang'ania machoni na upangani pia hupungua banda likimwagiwa majivu. Thabai nayo, ikishanyauka ili isiwashe, ni mboga ya maana sana kwa kifaranga, kama sukuma wiki ninayoining'iniza kwa kamba waidonoe na kuacha kudonoana wenyewe. Kitunguu saumu huwapa hamu ya kula, nami nawapa kipande kilichopondwa kwenye lita moja, mara mbili kwa wiki, maji yenyewe namwaga jioni. Alovera natia kidogo mno kwa sababu ni chungu. Nimeona watu wakiijaza mpaka maji yanakuwa ya kijani mazito, vifaranga wanakataa kunywa, wanakufa kiu huku mwenyewe anajua anawatibu.

Lakini naomba nikuulize kwa adabu, mzee. Huko kwa mama, hakukuwa na mwaka ambao kuku walikwisha wote? Siku tatu nne, boma likawa kimya, akabaki mmoja au wawili? Mimi kwa nyanya yangu kule Murang'a nakumbuka miaka miwili ya namna hiyo. Shingo zinajipinda kama kitambaa kilichokamuliwa, wanahara kijani, wanaanguka. Waliobaki ndio waliojaza tena boma, sisi watoto tukaona kuku wamejaa, tukasahau wale waliozikwa. Huo ndio mdondo. Uliitwa Newcastle kwa mji wa Uingereza ulipoonekana mwaka wa 1926, lakini kwetu hauhitaji kutambulishwa. Alovera ilikuwapo wakati huo, kitunguu kilikuwapo, nyanya alivijua kuliko mimi, na bado walikufa.

Na chanjo yenyewe, mzee, si kemikali ya kumtia kuku sumu. Ni kirusi chenyewe kilichodhoofishwa, mwili wa kuku ukionyeshwa unajifunza kupigana nacho kwa nguvu zake. Kwangu mimi hakuna jambo la asili kuliko mwili kujilinda. Tena ukimchanja tetea kabla hajaanza kutaga, anapitisha kinga kwenye yai, kifaranga anaanguliwa na ulinzi kidogo wa wiki chache za mwanzo kutoka kwa mama yake. Hilo shosho zetu wangelipenda sana.

Chanjo za mifugo tunatengeneza wenyewe hapa nchini, KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, pale Embakasi. Hatuzungumzii kitu cha mbali.

#7 Kuku Kasarani

Mama Tetea, hebu tupe ratiba basi. Kila agroveti, duka la dawa za mifugo, ninaloingia naambiwa tofauti.

#8 Mama Tetea, Ruai

Zinatofautiana kidogo kulingana na chanjo yenyewe na wazazi wa kifaranga, kwa hiyo fuateni karatasi ya chupa na daktari wa mifugo wa eneo lenu. Mimi nafuata hivi: Marek, ugonjwa wa kupooza na uvimbe, siku ya kwanza kule kwa mtotoleshaji, muulize kabla hujalipa. Newcastle siku ya 7, Gumboro, ule unaoharibu kinga ya kifaranga, siku ya 14, Newcastle tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28. Ndui wiki ya 6, kwa kuchomwa kwenye ngozi nyembamba ya bawa. Homa ya matumbo ya kuku wiki ya 8. Newcastle inarudiwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo wengi huacha.

Kuna jambo linaloharibu chanjo za watu hapa Nairobi bila wao kujua. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini inaua chanjo kwenye ndoo kabla kifaranga hajainywa. Tumia maji ya mvua, au yachemshe yapoe, au yaache kwenye chombo wazi usiku kucha. Tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, yanamaliza klorini iliyobaki. Chombo cha plastiki, si bati. Waondolee maji saa moja hadi mbili kabla ili wote wawe na kiu, kisha wanywe yaishe ndani ya saa mbili. Siku hiyo na siku iliyotangulia hakuna kitunguu, hakuna siki, hakuna alovera, hakuna dawa yoyote kwenye maji. Na chupa itoke kwenye friji ya duka moja kwa moja hadi kwenye chupa ya chai yenye barafu. Ukiibeba mfukoni kutoka mjini hadi Ruai kwenye foleni ya Jogoo Road, umenunua maji ya rangi.

#9 Mwiki kwa Mwiki

Samahani nakatiza, nina shida ya sasa hivi. Vifaranga 80, wiki ya nne na siku mbili. Tangu juzi wamejikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi kina damu. Wamekufa 6 leo. Jirani ameniambia ni Newcastle, niwachinje wote. Mwenye agroveti ameniuzia unga wa antibiotiki. Naombeni msaada, hizi ni pesa za karo.

#10 Fundi Mifugo Kabete

Pole sana ndugu. Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo, nimefanya kazi hii miaka mingi. Siwezi kuthibitisha ugonjwa kwa maandishi, lakini damu kwenye kinyesi umri huo, wakiwa wamejikunyata, cha kwanza kushuku ni koksidia. Usichinje wote.

Koksidia si bakteria, ni kimelea cha tumboni, kwa hiyo huo unga wa antibiotiki unaweza usiguse kitu. Omba dawa ya kundi la amproliumu, utie kwenye maji kwa siku na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, wala usipunguze. Na usiwape vitamini za kundi B kwa wakati huo huo. Amproliumu inafanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1; ukiwawekea vitamini unamlisha adui. Watu wengi wanachanganya vyote viwili kwenye ndoo moja kwa nia njema, dawa inashindwa, wanasema ni feki.

Wagonjwa watenge. Chukua wawili waliokufa leo, si wa jana, wafunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, waweke kwenye barafu, uwapeleke Maabara Kuu ya Mifugo hapa Kabete au kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete. Wakipasuliwa utajua kwa hakika. Hapo utaacha kubahatisha.

Na sasa swali langu: maranda yakoje? Yashike, yakaze ngumi.

#11 Mwiki kwa Mwiki

Yanashikana. Yanabaki donge ukifungua mkono.

#12 Fundi Mifugo Kabete

Basi hapo ndipo penyewe. Mayai ya kimelea yakitoka na kinyesi hayawezi kuambukiza mara moja. Yanahitaji unyevu, joto na siku moja hadi mbili yakomae. Kwenye maranda makavu hayakomai vizuri. Kwenye donge kama hilo lako yanakomaa kwa maelfu, kifaranga anadonoa, yanaingia. Toa maranda yote leo, usiyamwage nyuma ya banda, yafungie kwenye gunia mbali na kuku. Sakafu imwagie maji yanayochemka, iache ikauke kabisa kabla ya kuweka mapya, kwa sababu dawa nyingi za kuua viini haziyagusi yale mayai. Kisha tafuta maji yalikuwa yanatoka wapi.

#13 Mama Tetea, Ruai

Nakazia hapo kwa fundi. Maranda mazuri ukikaza ngumi yanashikana kidogo, ukifungua yanamwagika. Yasiposhikana kabisa ni vumbi, yakibaki donge ni ugonjwa.

#14 Shamba Dogo Utawala

Mama na mimi nina la chakula. Nimekuwa nikichanganya mwenyewe ili nipunguze gharama: pumba za mahindi, omena, mabaki ya mboga na maparachichi yaliyoiva sana kutoka sokoni. Vifaranga wanadumaa. Wengine wana miezi miwili lakini ukiwaona utasema wa mwezi mmoja.

#15 Mama Tetea, Ruai

Dada, maparachichi acha kabisa. Majani, ganda na kokwa vina sumu iitwayo pesini inayoudhuru moyo wa ndege, na nyama ya tunda nayo si ya kuaminika. Ni tunda la asili, ni zuri kwetu, kwa ndege si chakula. Ndiyo maana nasikitika mtu anapouza chupa isiyo na maandishi akisema "ni ya mitishamba, haina madhara." Mimi niliwahi kuuziwa moja, kimiminika cheusi, nikawapa vifaranga wa wiki mbili. Waliacha kunywa siku nzima. Tangu hapo kitu ambacho sijui kimetengenezwa na nini hakiingii kwenye maji yao.

Halafu pumba zako. Chukua konzi, uinuse. Zikiwa na harufu ya ukungu, au zina madonge, au rangi ya kijani ya kijivu, hapo huenda pana aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu. Nchi hii tunaijua: mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 huko Ukambani. Kwa watu tunakuwa waangalifu, lakini yale mahindi tunayoyakataa jikoni ndiyo tunayoyasaga tukawape kuku. Kifaranga ini lake ni dogo, anadumaa, na mbaya zaidi sumu hiyo inapunguza kinga yake, unamchanja na chanjo haishiki. Kisha lawama zinaenda kwa chanjo.

Kifaranga wiki nane za kwanza anataka protini kama asilimia 18 hadi 20. Pumba hazifiki hata karibu. Kwa umri huu nakushauri ununue chakula kamili cha vifaranga, ubane matumizi baadaye wakishakua, maana kuku mkubwa wa kienyeji anaweza kujitafutia. Omena nayo ichunguze mchanga, uikaushe na uisage. Ukitaka protini ya bei nafuu ya nyongeza, weka kinyesi cha ng'ombe na nyasi chini ya gunia bichi, mchwa wakija wachukue asubuhi. Wanagombania!

Na uwatoe juani asubuhi jua likishashika, hata nusu saa. Jua linawapa vitamini D, miguu inakaza. Wavu juu lakini. Mwewe wa Utawala namjua.

#16 Ploti ya Kayole

Mama, chanjo nayo. Nimeulizia, chupa ndogo waliyonayo ni ya kuku 100. Mimi nina 30. Nikishaifungua inabaki?

#17 Mama Tetea, Ruai

Haibaki. Ikishachanganywa ni saa mbili tu, inayobaki inachomwa au inazikwa. Hili ndilo linalowafanya wafugaji wadogo wa Nairobi wasichanje, na naelewa, nani anataka kumwaga dozi sabini?

Huku kwetu tulifanya hivi. Tuko nyumba saba kwenye barabara moja. Tumekubaliana siku moja, kila miezi mitatu, mmoja anaileta chupa, gharama tunagawana kwa idadi ya kuku. Lakini kuku hawakusanywi mahali pamoja, tafadhali, hapo mtagawana magonjwa. Chanjo ndiyo inayotembea. Mmoja anazunguka nayo kwenye barafu, kila nyumba anakuta ndoo ya majivu au dawa langoni, anakanyaga, anavaa viatu vya pale pale. Anaanza na vifaranga, anamalizia na kuku wakubwa. Tunatumia ile ya tone la jicho, tone moja jicho moja, unamshika mpaka apepese ndipo unamwachilia. Ukimwachilia kabla hajapepesa limeanguka chini.

Viatu nalisema kwa uzito. Ukitoka masoko ya Gikomba au Burma ulikopita kwenye vizimba vya kuku, usiingie bandani na viatu hivyo. Na kuku mpya wa sokoni akae peke yake wiki mbili hadi tatu, hata kama ni zawadi ya mkwe.

#18 Mwiki kwa Mwiki

Narudi na habari. Kabete wamewapasua, ni koksidia kweli, ule mfuko wa utumbo wa nyuma ulikuwa umejaa damu. Nimeanza amproliumu jana asubuhi. Maranda nimetoa magunia manne. Maji yalikuwa yanatoka kwenye chombo kimoja, ufa mdogo kama uzi, unavuja upande wa ukutani ambako sikuwa naangalia. Jana wamekufa 3, leo 1. Waliobaki 70. Asubuhi hii wamekuja kwenye chakula kabla sijakimwaga, wiki nzima hawajafanya hivyo. Fundi, Mungu akubariki. Nimekaa hapo nikawatazama mpaka nikachelewa kazini.

#19 Fundi Mifugo Kabete

Endelea mpaka siku za pakiti ziishe, hata wakionekana wamepona. Kile chombo usikizibe kwa gundi, kitupe.

#20 Mzee wa Dagoretti

Mama Tetea, nimechelewa kujibu kwa sababu swali lako lilinikalisha. Ni kweli. Mwaka wa 1979 kuku wa mama yangu walikwisha wote isipokuwa tetea mmoja mweusi. Nilikuwa kijana, mimi ndiye niliyechimba shimo. Sikuwa nimelikumbuka jambo hilo miaka mingi.

Nina matetea 14 na vifaranga 22 wa siku 5. Nimezungumza na majirani wanne, jumla tunapata kuku 90 na kitu. Maji ya mvua ninayo kwenye tangi. Mnaosema siku ya 7, wangu itakuwa Jumamosi. Naomba unieleze vizuri namna ya kumshika kifaranga kwa hilo tone la jicho, mikono yangu inatetemeka kidogo.

#21 Mama Tetea, Ruai

Mzee wangu, keti kwenye kigoda. Mjukuu amshike kifaranga kwa kiganja kizima, mgongo ukiegemea kiganja, kichwa kikitokeza kati ya kidole gumba na cha shahada, jicho moja likitazama juu. Asibane kifua, hapo ndipo anapopumulia. Wewe egemeza kiwiko gotini, mkono utatulia. Chupa iwe wima, ncha isiguse jicho, iwe juu kama upana wa kidole. Dondosha, ngoja apepese, mjukuu amweke kwenye karai la pili lenye maranda makavu ili msimrudie yule yule.

Vifaranga kwanza, matetea baadaye. Jumamosi saa moja asubuhi kabla jua halijakaza. Kama hayo ni mapema kwa majirani, nijulishe kesho nikuelekeze namna ya kuihifadhi chupa kwenye barafu mpaka saa nne, ikiwa bado haijafunguliwa.